Nakala Safi

Sikonge

Babu Octavian,

Shikamoo. Mimi ni Advera, mtoto wa kwanza wa mwanao Emilian. Mama yangu ni Magreth. Nina umri wa miaka ishirini na mmoja, na mimi na wewe hatujawahi kuonana.

Nakuandikia kuomba jambo moja. Masista wa parokia wamenitafutia nafasi ya kusomea uuguzi nchini Ayalandi, lakini chuo kinadai kwanza cheti cha Kiingereza cha kiwango cha kati. Mtihani utafanyika Mwanza tarehe 8 Juni. Una sehemu nne: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Kusikiliza najifunza kwa redio, na kuzungumza najizoeza kwa kusoma kwa sauti. Kuandika ndiko kunakonishinda. Kila aliyesoma Tabora zamani ananiambia kwamba hakuna aliyesahihisha insha kama Mwalimu Octavian Kapungu, na kwamba ukipona kwake hakuna mtahini wa kukutisha.

Tunaishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Sikonge mjini. Basi letu huondoka kwenda Tabora Jumanne na kurudi Ijumaa. Karani wake, Selemani, anasema anakufahamu na atakubali kubeba bahasha.

Baba hajambo. Ana desturi kwamba barua yoyote inayotoka nyumbani kwake lazima aisikie kabla haijafungwa, kwa hiyo hii naisoma naye anasikiliza. Amesema, "Mwandikie, lakini ujue atakurudishia." Nimemwuliza atanirudishia nini. Amesema, "Barua."

Mjukuu wako,
Advera Emilian
9 Januari 2024


Mtendeni, Tabora
14 Januari 2024

Advera,

Marahaba. Barua yako imefika. Tarehe huandikwa juu, chini ya anwani, si baada ya sahihi. Mtahini hukutana na kosa hilo kabla hajasoma neno lako hata moja.

Nitakufundisha. Barua utaniandikia kwa Kiswahili, na kiwe Kiswahili, si nusu hiki nusu kile. Insha utaandika kwa Kiingereza, kwenye karatasi yake peke yake, kwa mkono, ukiruka mstari mmoja ili wino wangu mwekundu upate nafasi. Nitaisahihisha, nitaipa alama kati ya ishirini, na nitakurudishia. Hapo kazi yako itakuwa haijaisha. Mwanafunzi wangu huinakili insha yote upya, bila kosa, akaniletea nakala safi. Asiyeleta nakala safi siendelei naye, awe nani. Nimefundisha miaka thelathini na moja kwa utaratibu huo na sikuubadilisha kwa ajili ya mtu yeyote.

Simu sina. Jirani yangu Swaumu anayo, lakini ni ya biashara yake ya vitumbua na sipendi kumsumbua kwa mambo yasiyo ya dharura.

Baba yako amesema kweli. Nilimfundisha miaka minne. Kiingereza alipata F, peke yake katika darasa langu mwaka ule. Sina salamu za kumpelekea, wala sina ubaya wa kumpelekea.

Insha ya kwanza: mwandikie rafiki barua kuhusu mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Maneno mia moja, yasizidi.

Octavian Kapungu


Sikonge
30 Januari 2024

Babu,

Shikamoo. Nashukuru kwa kunikubali. Insha imo ndani ya bahasha. Nimeisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kuiweka, ili ulimi uzoee. Baba alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akauliza nimeandika nini. Nikamwambia ni Kiingereza tu. Akasema, "Basi hakinihusu. Kilishanikataa."

Anasema nikueleze kwamba siku hizi hafanyi tena kazi ya mabani ya kukaushia tumbaku kwa moto. Ameiacha miaka mitano sasa, yuko kwenye asali tu. Mizinga yake mingi iko kando ya njia ile ya zamani ya misafara. Anasema wapagazi walitoka hapa kwetu hadi Tabora kwa siku tatu, na pembe za ndovu begani. Mama amemwambia, "Unamfundisha mwalimu historia?" Baba amejibu, "Historia nilipata B."

Anauliza kama bado unakunywa chai ya rangi bila sukari. Sasa anasema nilifute hilo. Nimeshaandika kwa kalamu.

Baba hajambo.

Mjukuu wako,
Advera


Mtendeni, Tabora
4 Februari 2024

Advera,

Kumi na moja kati ya ishirini. Usikate tamaa, hakuna aliyewahi kuanza kwangu na zaidi ya kumi na mbili.

Umeandika juu ya mrina asali ambaye tangu Novemba hapandi mti, na mizinga yake anairina jirani. Hukusema kwa nini. Msomaji hapaswi kubahatisha. Ukimleta mtu kwenye karatasi, mlete mzima, na ukisema ameacha kazi yake, sema kilichomwachisha. Insha ya pili iwe juu ya mtu huyohuyo, na utoe sababu.

Chai nakunywa bila sukari. Neno lililoandikwa kwa kalamu halifutwi. Baba yako alipaswa kulikumbuka hilo tangu kidato cha kwanza.

Octavian Kapungu


Sikonge
13 Februari 2024

Babu,

Shikamoo. Humu mna nakala safi ya insha ya kwanza, na insha ya pili. Nimetoa sababu kama ulivyoagiza.

Nilipomsomea baba habari ya chai, alirudia mara mbili, "Bila sukari." Kisha akamwambia mama, "Mzee yuko vilevile." Mama akamwuliza kama hilo ni jema au baya. Baba akasema hajui, ila angeshangaa kusikia vingine.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Tutakwenda kanisani mimi na mama. Baba atabaki kulinda nyumba. Nyumba yetu haina cha kulindwa isipokuwa ndoo mbili za asali, lakini ndivyo anavyosema niandike.

Baba hajambo.

Mjukuu wako,
Advera


Mtendeni, Tabora
18 Februari 2024

Advera,

Nakala safi nimeipokea. Ni safi kweli. Insha ya pili nimeipa kumi na tatu.

Sasa umetoa sababu: mtu wako ana ugonjwa wa kifua. Moshi wa mabani umemkalia mapafuni miaka mingi. Halali kitandani bali hukaa kigodani ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali pumzi inamkatika. Hilo la kigoda ni zuri. Ni jambo dogo, na linaonekana kwa macho.

Lakini nina maonyo mawili. Mwishoni umeongeza kwamba mtu huyu ana baba mjini. Huyo baba anahusika nini? Amekuja ghafla, hafanyi kitu, hasemi kitu. Ama mwondoe ama mpe kazi.

La pili ni zito zaidi. Nimesoma insha za watoto wengi waliowaua mama zao kwenye karatasi ili wapate alama. Wiki mbili baadaye mama hao walikuja shuleni, wazima, kuwaletea karanga. Watahini wote wameshachoka na wagonjwa. Usitafute huruma. Tafuta sentensi.

Insha ya tatu: eleza siku moja ya juma nyumbani kwenu.

Octavian Kapungu


Sikonge
5 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Humu mna nakala safi ya pili na insha ya tatu.

Naomba kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, insha inaweza kuwa ya kweli, na ikiwa ya kweli, mtahini atajuaje?

La pili silo la mtihani. Nataka kujua kilichotokea kati yako na baba. Nimemwuliza yeye tangu nikiwa mdogo, naye husema, "Muulize mwenyewe siku ukimwona." Mama husema yeye alikuta hivyo. Baba anasikiliza ninaposoma hapa. Ameinamisha kichwa, lakini hajanikataza, kwa hiyo naliacha.

Mvua hapa ni kubwa. Daraja la kwenye mbuga limeanza kuliwa na maji, na Selemani anasema basi likishindwa kupita tusimlaumu yeye.

Baba hajambo.

Mjukuu wako,
Advera


Mtendeni, Tabora
10 Machi 2024

Advera,

Insha ya tatu ina kumi na sita. Sikumbuki ni lini nilimpa mtu kumi na sita.

Mtu wako wa kigodani kila Ijumaa humwomba mkewe shati jeupe, hunyolewa ndevu, kisha hukaa mlangoni mpaka basi lipite. Likishapita hulivua lile shati, likakunjwa kwa ajili ya Ijumaa nyingine. Umeyasema hayo bila kupiga kelele, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini umemaliza kwa kusema kwamba hujui kwa nini anafanya hivyo. Mwandishi lazima ajue. Nimekata alama mbili hapo.

Swali lako la kwanza. Mtahini hana njia ya kujua kama insha ni ya kweli, wala hatafuti kujua. Anapima sentensi. Nami ndivyo ninavyosoma.

Swali la pili nitalijibu mara moja tu. Baba yako alipopata F, nilimwambia mezani, mbele ya mama yake, Josepha, Mungu amrehemu, kwamba mtoto wa mwalimu hapati F. Kesho yake hakuwepo. Mwaka 2000 akaniandikia kutoka Sikonge, kwa Kiingereza, ukurasa mzima. Barua ile ilikuwa na makosa ishirini na tisa. Niliisahihisha yote, neno kwa neno, nikamrudishia kwa utaratibu uleule aliouzoea, nikasubiri nakala safi. Haikuja. Bibi yako aliniambia nimfuate. Nilimjibu kwamba mtoto anaujua utaratibu, ataileta. Nilisubiri mwaka ule, na mwaka uliofuata. Mpaka leo haijaja.

Ndicho kilichotokea. Hakuna kingine.

Insha ya nne, na ya mwisho kabla hatujaanza majaribio ya saa: mwandikie rafiki kuhusu habari uliyoipokea.

Octavian Kapungu


Sikonge
2 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka.

Basi halikufika kwa wiki mbili kwa sababu ya daraja. Lilifika Ijumaa Kuu, na kijiji kizima kilitoka kuliangalia kama vile halijawahi kuonekana. Baba naye alikuwa mlangoni. Selemani alinipa bahasha yako, akasimama kidogo kama mwenye neno, kisha akasema, "Msalimie mzee wako," akapanda.

Barua nilimsomea baba jioni ileile. Nilipofika pale uliposema ulisubiri, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Alisubiri nini?" Nikasema, nakala safi. Mama akaja kuuliza kuna nini. Baba akamwambia, "Magreth, mzee alikuwa anangoja masahihisho." Mama akasema, "Masahihisho gani?" Baba akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, mama akaniambia niache kusoma.

Kesho yake asubuhi alimwagiza mama alete kisanduku cha vifaa vyake vya kurinia. Chini kabisa, chini ya kisu na kitambaa cha uso, mna karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Sijawahi kuiona. Kisha akaniomba karatasi mbili zenye mistari na kalamu yangu. Anasema nisiandike ni za nini. Basi sijaandika.

Humu mna nakala safi ya insha ya tatu, na insha ya nne. Naomba, Babu, hii ya nne uisome polepole.

Baba hajambo.

Mjukuu wako,
Advera


Mtendeni, Tabora
7 Aprili 2024

Advera,

Insha zote nasoma polepole.

Hii ya nne nimeipa kumi na nne, na nasikitika, kwa kuwa ulikuwa unapanda. Umezidisha. Mtu wako amekwenda kwa daktari akaambiwa kwamba mapafu yamekwisha na hatazifikia mvua zijazo. Anamkataza bintiye kumwambia baba wa mjini, akisema mzee atadhani anaombwa msamaha. Binti anaahidi. Kisha binti, ambaye ndiye anayesimulia, anamwuliza rafiki yake: ningefanya nini kingine? Hapo hapana mantiki. Tangu kijijini kwenu mpaka mjini si mwisho wa dunia. Binti mwenye akili angetafuta njia ya kumwambia huyo mzee bila kuivunja ahadi yake. Nimekata alama mbili kwa hilo, na moja kwa swali la mwisho, ambalo linaomba machozi.

Nilikwisha kukuonya juu ya wagonjwa.

Ama zile karatasi mbili za baba yako: sitauliza ni za nini. Lakini kama ndizo alizopaswa kuziandika mwaka 2000, mwambie asiharakishe akaharibu mwandiko. Nimesubiri miaka ishirini na minne. Sina haraka.

Octavian Kapungu


Sikonge
14 Mei 2024

Babu,

Shikamoo.

Hii ni barua ya kwanza kukuandikia ambayo baba hakuisikia.

Siku ya mazishi ulikaa benchi la nyuma, karibu na Selemani, aliyekupa habari kwa simu ya Swaumu. Mama aliniambia kwamba ulipoondoka ulimwuliza jambo moja tu: tangu lini. Alikujibu, tangu Novemba. Ukasema, "Mbona hakuna aliyeniandikia?" Mama akakuambia, "Advera amekuandikia." Ukasema sikukuandikia. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo hakuwa na la kukujibu. Mimi ndiye mwenye jibu, lakini nilikuwa nahudumia watu maji, na nilipotoka ulikuwa umekwishaondoka.

Jibu ni hizi insha nne. Nakurudishia zikiwa na alama zako. Zisome kama barua.

Baba alinikataza kukuambia, nami niliapa mbele ya mama. Kila barua aliisikia, kwa hiyo kila barua ilisema hajambo. Kiingereza nilidhani hakisikii. Nilikisoma kwa sauti mbele yake kama mtu anayezungumza peke yake, na barua zako zilipokuja niliyaruka maneno yako juu ya insha. Nilikuwa nikimwambia alama tu. Aliziuliza kila mara.

Jumanne kabla hajafa aliniambia, "Ile ya shati ilikuwa nzuri. Alikupa ngapi?" Nikasema kumi na sita, halafu ndipo nikaelewa alichoniuliza. Akanitazama, akasema, "Nilishindwa mtihani, Advera. Sikushindwa kusikia." Nikamwambia anisamehe kwa kuvunja ahadi. Akasema, "Nilikukataza kumwambia. Sikukukataza kutunga." Kisha akasema, "Mimi hakuwahi kunipa kumi na sita."

Kwa hiyo alijua, Babu. Tangu insha ya kwanza alijua kwamba Jumanne habari zake zinakwenda kwako. Ndiyo maana Ijumaa alivaa.

Barua yako ya Aprili ilinivunja nguvu na sikuweza kuandika tena. Nilimsomea lile la kutokuwa na haraka. Akasema, "Ni kweli, yeye hana," akaomba kalamu. Aliandika mistari miwili kwa siku, siku nyingine mmoja, karatasi ikiwa juu ya ubao wa mama wa kukatia mboga. Alikuwa akiitazama ile ya zamani, anatafuta palipo na wino mwekundu, anarekebisha, anaandika. Neno likiharibika alianza karatasi upya. Karatasi mbili hazikutosha. Nilimpa daftari zima.

Alikufa Ijumaa tarehe 3, saa nane mchana, kabla basi halijafika. Alikuwa ameshavaa.

Humu mna karatasi mbili zake. Ya kwanza ni ile uliyomrudishia mwaka 2000. Ya pili ni nakala safi. Haikuisha.

Mtihani siendi. Ulinifundisha kumwandikia rafiki habari za mtu wa nyumbani kwetu, na huyo mtu nilikuwa na mmoja.

Advera


Mtendeni, Tabora
19 Mei 2024

Advera, mjukuu wangu,

Nimezisoma insha zako nne bila kalamu mkononi. Sikujua kwamba naweza kusoma hivyo. Ilinichukua Alhamisi nzima. Swaumu aliniletea chai, akaikuta asubuhi ya pili iko palepale, akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia nasoma barua za nyumbani.

Nilijaribu kuzifuta alama zangu. Wino haufutiki, kama nilivyokuandikia Februari. Kwa hiyo zitabaki, na utakapozitazama ujue zilikuwa zangu, si zako. Uliandika kwamba mtu huyu ana baba mjini, nami nikakuambia ama umwondoe ama umpe kazi. Kazi alikuwa nayo. Ilikuwa ni kupanda basi.

Nina jambo ambalo sikukuambia. Ijumaa Kuu nilikuwa ndani ya basi lile. Nilikuwa nimemkabidhi Selemani bahasha wiki mbili nyuma, nayo ilikuwa bado iko kwake kwa sababu ya daraja. Asubuhi ile nilifunga begi dogo nikaenda stendi. Sikujua kwamba baba yako anaumwa. Nilikwenda kwa sababu ulikuwa umeniuliza kilichotokea, na nilipokuandikia jibu niliona kwamba ni fupi mno kwa miaka mingi hivyo. Selemani alinipa kiti cha mbele. Nilikaa. Basi lilipowashwa nikajiuliza, mwalimu anakwendaje kwa mwanafunzi ambaye hajaleta masahihisho. Nikashuka. Barua ikaenda bila mimi. Nilimwomba Selemani asimwambie mtu, naye ni mtu wa kutunza neno. Mazishini alikaa nami benchi moja na hakulitaja.

Wapagazi walitembea njia ile kwa siku tatu na mizigo begani. Mimi nilishindwa kukaa kwenye kiti.

Ile karatasi ya mwaka 2000 nimeisoma pia. Unajua yaliyomo, au hujui? Nitakuambia, kwa kuwa niliisahihisha yote na sikuwahi kumweleza mtu ilisema nini, hata bibi yako. Josepha aliniuliza, nikamwambia ina makosa ishirini na tisa. Ilikuwa barua ya kunialika harusini. Aliandika kwa Kiingereza ili nione kwamba hajaacha kujifunza. Alisema kwamba nikishuka kwenye basi nisiulize njia, kwa kuwa nyumba yake inaonekana kutoka barabarani, naye atakuwa amesimama mlangoni amevaa shati jeupe ili nimtambue kwa mbali. Katika sentensi hiyo nilisahihisha makosa matatu. Ilipokuja tena katika insha yako sikuitambua. Nilikukatia alama mbili kwa kutojua sababu ambayo mimi niliijua kabla hujazaliwa.

Kuhusu mtihani, sitakuambia uende wala usiende. Ukitaka, tutakwenda Mwanza pamoja na nitakungoja nje. Usipotaka, sitasema neno. Miaka yote nilidhani mtihani ndio uliokuja kwanza, na mtu angefuata akiwa amesahihishwa. Mimi siye wa kukushauri.

Barua hii sitampa Selemani. Nitaileta mwenyewe Ijumaa, na basi likiwashwa sitashuka. Mwambie mama yako nakunywa chai bila sukari, ila kama ameweka nitakunywa.

Nakala safi ya baba yako nimeipokea. Nimeilinganisha na ile ya zamani, mstari kwa mstari, kwa mazoea, nisingeweza kujizuia. Haina kosa hata moja. Inakwenda vizuri mpaka pale anaposema atakuwa amesimama mlangoni, na baada ya hapo karatasi ni nyeupe. Kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Sikuweka nukta.

Babu yako,
Octavian